Watoto wa Dirishani

Katika mitaa yetu mingi iko desturi ambayo kila msomaji aijua. Nyumba moja ina televisheni, nyumba za jirani hazina. Jioni ikifika, watoto wa majirani hukusanyika mlangoni na dirishani, wakubwa wakiwabeba wadogo mgongoni, ili nao waone. Mwenye nyumba ana njia tatu mbele yake. Aweza kuwaita ndani wakae mkekani pamoja na wanawe. Aweza kuwaacha pale pale dirishani, waone watakachoweza. Au aweza kushusha pazia.

Akishusha pazia, je, amemkosea mtu? Televisheni ni yake, umeme aulipia yeye, watoto si wake. Hakuna sheria aliyoivunja. Walakini wengi wetu twaona moyoni kwamba pana jambo halikukaa sawa. Leo twataka kulitafuta jambo hilo kwa taratibu: mtoto wa maskini anatudai kitu, au anatuomba tu?

Swali hili si la mtaani kwetu peke yake. Huko Marekani limekuwa likiulizwa tangu miaka mingi, na siku hizi laulizwa kwa uchungu kwa sababu ya kipindi kimoja cha watoto kilichovuma duniani kote, kiitwacho Sesame Street.

Asili yake ni hii. Asubuhi moja ya Jumapili, mwezi Desemba 1965, bwana mmoja jina lake Lloyd Morrisett aliamka akamkuta binti yake wa miaka 3 ameketi mbele ya televisheni. Matangazo yalikuwa hayajaanza. Kiooni palikuwa na alama tu za mitambo, na mtoto alikuwa akizitazama na kungoja. Mwaka uliofuata, kwenye karamu ya jioni nyumbani kwa Bibi Joan Ganz Cooney mjini New York, Morrisett aliuliza kama chombo hiki kinachowashika watoto hivyo chaweza pia kuwafundisha. Bibi Cooney alilichukua swali lile, akafanya uchunguzi, akaandika taarifa. Mwaka 1968 likaundwa shirika la kazi hiyo, kwa fedha zipatazo dola milioni 8 zilizotoka serikalini na katika mifuko ya Carnegie na Ford. Tarehe 10 Novemba 1969 kipindi kikatangazwa kwa mara ya kwanza.

Makusudi yake hayakufichwa. Watoto wa wenye mali waliingia darasa la kwanza wakiwa tayari wajua herufi na hesabu. Watoto wa maskini wa mijini, wengi wao Weusi, waliingia wakiwa hatua kadhaa nyuma, na hatua zile ziliongezeka kila mwaka. Basi watungaji hawakujenga jumba la kifalme wala msitu wa hadithi. Walijenga mtaa: ngazi za nyumba kuukuu, pipa la taka, duka dogo la mzee, na jirani Weusi na Weupe wakisalimiana. Katikati yao waliwaweka vikaragosi wa Jim Henson, akiwamo ndege mkubwa wa manjano. Mtoto wa mtaa wa namna ile aliutazama mtaa wake, akajiona yumo.

Wako waliochukizwa. Mwaka 1970 tume ya televisheni ya elimu katika jimbo la Mississippi ilipiga kura kukizuia kipindi hicho, kwa kuwa kiliwaonyesha watu wa rangi mbalimbali wakiishi pamoja. Watu walipiga kelele, na wiki chache baadaye tume ikageuza shauri lake. Twalitaja jambo hili ili msomaji aone kwamba kumwita mtoto wa jirani ndani hakujawahi kuwa jambo jepesi, hata kwa njia ya picha.

Je, kulikuwa na faida? Mwaka 2015 wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Miaka ile ya mwanzo, kama theluthi moja ya nchi haikuweza kukipata kipindi vizuri, kwa sababu ya udhaifu wa mawimbi. Hivyo iliwezekana kulinganisha watoto waliokipata na wasiokipata. Ikaonekana kwamba mahali kilipoonekana vizuri, watoto waliokuwa bado hawajaanza shule walipoingia shuleni walielekea zaidi kuwa katika darasa linalofaa umri wao, na faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wavulana na kwa watoto Weusi. Kwa hiyo si maneno ya sifa tu. Dirisha lilifunguliwa, na waliokuwa nje walipata kitu.

Sasa tusikilize habari ya kushuka kwake. Katika miaka ya mwanzo vilitengenezwa vipindi 130 kwa mwaka, kila kimoja cha saa nzima. Fedha za umma hazikutosha kamwe, na shirika lilijitegemeza kwa kuuza vinyago, vitabu na kanda. Twaweza kusema kwamba kinyago kilimlisha mwalimu. Watu walipoacha kununua kanda na santuri za picha, wakaanza kutazama kwa intaneti, chakula cha mwalimu kikapungua. Agosti 2015 shirika lilifanya mapatano na kampuni ya HBO. Tangu Januari 2016 vipindi vipya, sasa vya nusu saa, vilionyeshwa kwanza kwa wale wanaolipa, na baada ya miezi 9 ndipo vikafika katika televisheni ya umma ya PBS, ambako kila mtu huona bure.

Hata mapatano hayo hayakudumu. Desemba 2024 ilijulikana kwamba mlipaji hatanunua tena vipindi vipya. Machi 2025 shirika lilipunguza wafanyakazi wengi. Mwezi Mei lilipata mlipaji mwingine, Netflix, na safari hii kwa sharti bora: kipindi kipya kionekane PBS siku ile ile. Vikaanza kuonekana hivyo Novemba 2025. Lakini angalia mambo yalivyogeuka. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya redio na televisheni za umma kwa miaka miwili, na mwezi Agosti shirika lililokuwa likizigawa fedha hizo likatangaza kwamba litafunga shughuli zake. Zawadi imerudishwa kwa maskini, na wakati huo huo nyumba ya kuipokelea imetikiswa. Hatujui mwisho wake utakuwaje.

Basi turudi kwenye swali letu. Mwaka 2015 wako waliosema: "Mapatano yale yalikiokoa kipindi. Afadhali maskini apate baada ya miezi 9 kuliko asipate kabisa." Neno hili lina nguvu, wala hatutalidharau. Nusu shari si shari kamili. Wasimamizi wa kazi ile walikuwa na madeni ya kweli na mishahara ya kweli, nasi tusiokuwa na mzigo ule hatuna haki ya kuwahukumu upesi.

Lakini mtu mzima hupima muda kwa kalenda yake, akasahau kalenda ya mtoto. Kwa mtu wa miaka 40, miezi 9 ni kitu kidogo. Kwa mtoto wa miaka 3, miezi 9 ni robo ya maisha yake yote. Tena yapo mambo ambayo mtoto hujifunza katika majira yake, na majira yakipita hayarudi kwa urahisi. Ndiyo sababu wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Pia liko jambo zito kuliko muda, nalo ni mpango wa meza. Chakula kilipikwa kwa ajili ya wenye njaa. Walioshiba wakala kwanza, na wenye njaa wakaambiwa wangoje. Kumwuzia tajiri ili kumlisha maskini si kosa. Wengi wafanyao mema hufanya hivyo. Kosa huanza pale utaratibu unapogeuka polepole, hata yule aliyekuwa mgeni wa heshima akawa mtu wa kuokota makombo, na hakuna akumbukaye ya kuwa karamu ilikuwa yake.

Hapa ndipo yatupasa kutenganisha vitu viwili vinavyofanana usoni: hisani na deni. Hisani ni kile ambacho mtoaji aweza kukiacha bila kumwibia mtu. Nikikupa embe leo na kesho nisikupe, sikukudhulumu. Deni si hivyo. Nikiwa nadaiwa, kuacha kulipa ni dhuluma, hata kama mwenye kudai ni mnyonge asiyeweza kunishtaki. Mambo mengi ya kusikitisha hutokea kwa sababu watu hulipa deni kwa uso wa hisani. Hulipa vizuri wakati mfuko umejaa, hupigiwa makofi, na mfuko ukipungua huacha, wakisema, "Tulijitolea mno, sasa basi."

Je, mafundisho ya mtoto maskini ni deni, au ni hisani? Sisi twasema ni deni, na hoja yetu ni hii. Mtoto hakuchagua nyumba ya kuzaliwa. Walakini atakapokuwa mtu mzima, jamii yote itamdai. Itamtaka atii sheria, alipe kodi, afanye kazi, apige kura kwa akili, pengine ailinde nchi kwa damu yake. Akikosa lolote katika hayo, itamwadhibu bila kuuliza alizaliwa nyumba gani. Basi yule atakayedai mavuno, aweza vipi kusema kwamba kupanda hakumhusu? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nao ulimwengu hufunza kwa fimbo. Ni haki gani kumnyima mtu somo, kisha kumpiga kwa kutolijua?

Wengine watapinga kwa njia nyingine. Watasema: "Zamani palikuwa na stesheni chache, ndiyo maana kipindi kimoja kilihitajiwa. Siku hizi hata simu ya mkononi imejaa nyimbo na michezo ya watoto, tena bure." Ni kweli vimejaa. Lakini kitu cha bure kina mlipaji wake, na yatupasa kumtafuta. Michezo mingi ile hulipiwa na matangazo ya biashara, na mwenye biashara hanunui elimu ya mtoto. Anunua macho yake. Kwa hiyo mtengenezaji hushindana na wenzake kumshika mtoto asiondoke. Watungaji wa Sesame Street nao walipima kama mtoto anatazama: walimwekea kando picha nyingine za kumvuta, wakahesabu ni wakati gani ageuza kichwa. Lakini kwao kutazama kulikuwa njia, wala si mwisho wa safari. Baada ya hapo walipima tena: amejua nini ambacho hakukijua? Anayeishia kwenye kipimo cha kwanza ni mchuuzi. Anayefika kwenye cha pili ndiye mwalimu. Na kipimo cha pili ni ghali, wala hakuna mtangazaji wa sabuni atakayekilipia kwa hiari.

Wengine watasema: "Mwalimu wa kwanza ni mzazi. Televisheni isichukue mahali pake." Naam, twakubali kwa moyo wote, nao watungaji walikubali. Tangu mwanzo walitia ndani ya kipindi mizaha ambayo mtu mzima tu ataielewa, wakaalika watu mashuhuri ambao mtoto hawajui, kusudi baba na mama wavutwe kuketi kando ya mtoto. Maana walijua kwamba mtoto hujifunza zaidi akitazama pamoja na mkubwa. Lakini hoja hii ya mzazi yaweza kutumiwa vibaya. Mama anayefua nguo za watu mchana na kuuza vitumbua asubuhi hakosi upendo, amekosa saa. Kumwambia, "Wewe ndiwe mwalimu wa kwanza," kisha kuondoka, ni kumtwika mzigo na kumwita mvivu.

Je, kila kazi njema lazima idumu milele? La. Hapa kipindi chenyewe chatupa somo. Desemba 1982 alifariki Will Lee, mzee aliyecheza sehemu ya Bwana Hooper mwenye duka. Watungaji wangeweza kumtafuta mtu mwingine avae miwani yake, au wakasema mzee amehamia mbali. Waliwauliza wataalamu wa watoto, wakaamua kusema kweli. Tarehe 24 Novemba 1983, Sikukuu ya Shukrani, wakati wazazi wengi wapo nyumbani, mamilioni ya watoto waliambiwa pamoja na yule ndege mkubwa kwamba Bwana Hooper amekufa, na aliyekufa harudi. Ndege aliuliza nani sasa atamtengenezea chakula chake. Akajibiwa na majirani zake kwamba wao wapo, nao watamtunza.

Msomaji, jibu lile lina hekima kubwa. Halikukanusha kifo, wala halikuliacha deni lipotee pamoja na mdeni. Mtu hufa, duka hupata mwangalizi mwingine, mtoto hula. Ndivyo ilivyo kwa kazi zote za mikono yetu. Shirika laweza kufungwa, kipindi chaweza kwisha, vikaragosi vyaweza kuwekwa katika makumbusho, na pasiwe na usaliti wowote, endapo yuko asemaye, "Sisi tupo." Usaliti ni pale kazi inapokwisha na wote tukajifanya kwamba hakuna aliyekuwa akidaiwa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusiyatazame haya kama sinema ya watu wa mbali. Tanzania ilipata kipindi chake cha jamaa hiyo, Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, kikifundisha herufi na hesabu pamoja na kujikinga na malaria. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto waliokipata zaidi walisonga mbele zaidi. Lakini kazi za namna hiyo zimetegemea sana wafadhili wa ng'ambo, na mwaka 2025 tumeona jinsi mkono mkubwa wa misaada ya Marekani ulivyorudishwa nyuma kwa muda wa miezi michache. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii haimsafishi ndugu aliyekata mkono ghafla. Lakini nasi yatuuliza mkono wetu uko wapi.

Hatukukaa bure kabisa. Katika Dar es Salaam shirika la Ubongo lilianza mwaka 2014 kuonyesha Ubongo Kids, kisha likaongeza Akili and Me kwa wadogo zaidi, habari za msichana wa miaka 4 aishiye chini ya mlima Kilimanjaro. Vimechorwa hapa na kusemwa kwa lugha yetu, na vimetazamwa katika nchi nyingi za Afrika. Swali ni kama tutavihesabu kuwa hisani ya vijana hodari, tuvisifu wakati vipo na kuvisikitikia vitakapopungukiwa, au tutavihesabu kuwa sehemu ya deni letu wenyewe. Serikali ijiulize hivyo ipangapo fedha. Matajiri wajiulize hivyo watoapo michango. Wenye stesheni wajiulize hivyo wapangapo saa za watoto, wasiwape zile zilizobaki baada ya kila mwenye matangazo kuchagua yake.

Na wewe baba, na wewe mama, huna Bunge mkononi mwako, lakini una nyumba. Jioni hii, kipindi cha watoto kikianza, keti dakika chache karibu na mwanao umwulize ameelewa nini. Kisha tazama dirishani. Kama wako pale watoto wa jirani, na kijana mmoja amembeba mdogo wake mgongoni ili aone herufi, usiwahesabu kama wezi wa umeme wako. Wafungulie mlango, tandika mkeka, wakae mbele pamoja na wanao.